Nilivyobebwa Mbwera Nikiwa Mzima

Mfanyabiashara wa ufuta aliye jirani na cherehani yangu pale Kibiti alinitazama nikiweka sufuria ndogo kwenye mizani yake. Nikaitoa, nikaweka kikombe cha bati ambacho nilikuwa nimekikata mkono kwa msumeno. Nikakitoa, nikaweka kiberiti, nikakipunguza njiti, nikakiweka tena. Akavumilia. Nilipoweka mswaki, uvumilivu ukamwisha.

"Bi mkubwa, kwani unauza nini?"

"Siuzi. Napunguza."

"Unapunguza nini?"

"Uzito."

Akanitazama kuanzia ushungi mpaka kandambili, na kwa kuwa mimi si mwembamba, akameza alichotaka kusema. Nilimshukuru kimoyomoyo, maana siku ile hasira zangu zilikuwa karibu.

Mswaki wenyewe ulikuwa wa mti. Kwenye simu nilikuwa nimeona wazungu wanaokwenda kulala milimani kwenye mvua na mzigo mdogo kabisa, na fahari yao kubwa ni kukata mpini wa mswaki ili mfuko uwe mwepesi. Nilicheka mpaka uzi ukanikatikia sindanoni. Wewe unakwenda porini, umezungukwa na miti, mswaki unaubebea nini? Nikautoa hata huo wa mti, nikajiona nimewapita wote.

Mambo haya niliyaanza kwa ajili ya mteja. Alikuja mtafiti mmoja wa mikoko, kijana mwenye miguu mirefu, na kitanda chake cha kuning'inia kilichochanika. Kitanda hicho ni kitambaa tu chepesi, unakifunga kamba kwenye miti miwili, juu yake unatandaza turubai jembamba la kuzuia mvua, katikati kuna chandarua. Ukikikunja chote kinaingia kwenye mfuko wa unga wa kilo moja. Nikamshonea, tukakifunga kwenye nguzo za kibanda changu, akajilaza, akasema safi kabisa. Kisha akatoka kwenda kununua vocha, nikakipanda mimi. Nilipoinua miguu kutoka ardhini, jamani! Mgongo wangu umeinamia cherehani tangu nikiwa mwari, na sidhani kama uliwahi kupata starehe ya namna ile. Kijana aliporudi alinikuta nimekaa mahali pangu, kimya, nimeshachukua vipimo vyote.

Changu nilikishona kwa nailoni ya majaketi ya mitumba. Rangi hazikulingana, upande mmoja bluu, upande mwingine kijani, pindo jekundu, lakini mshono wake nauamini kuliko mshono wa mtu mwingine yeyote.

Sasa kuna habari ya mwanangu. Ninaye mmoja tu, binti, yuko Dar es Salaam, anafanya kazi ya ofisini kwenye jengo refu lenye vioo. Tangu baba yake afariki na mimi nimalize eda, haikupita wiki bila kuniambia nihamie kwake.

"Mama, nyumba ya huko Mtawanya kubwa, uko peke yako. Ukianguka chooni nani atajua?"

Kwa nini wazazi huwa wanaanguka chooni kwenye mawazo ya watoto wao, sijui. Hakuna anayeanguka sebuleni. Nilimjibu kwamba nyumba ile tuliijenga mimi na baba yake kwa matofali tuliyofyatua wenyewe, kwamba mikorosho yangu inanijua, na kwamba kukaa peke yangu si ugonjwa. Akasema ndiyo mama, kisha wiki iliyofuata akapiga tena, nami nikaanguka chooni tena. Mwishowe nikachoka, nikampa sharti. Ningeingia delta, kule kwenye visiwa vya mikoko mto unapokutana na bahari, siku ya Jumatatu, masika yakiwa yamepamba moto, nilale porini kwenye kitanda changu, peke yangu, nitoke Ijumaa kwa miguu yangu. Nikiweza, habari ya kuhama isitajwe tena nyumbani kwangu. Nikishindwa, nikiletwa na mtu, basi nitafunga nyumba na kumfuata Dar.

"Mama, una umri gani wewe?"

"Unaujua."

"Haya," akasema. "Nimekubali."

Alikubali haraka mno. Nilijua ameshaanza kunipangia chumba.

Jumatatu nikapanda bodaboda mpaka Nyamisati, nimevaa suruali ya marehemu chini ya gauni, na mfuko mgongoni mwepesi hata dereva akaniuliza kama nimesahau mzigo. Kanga mbili zilitosha kuwa taulo, shuka, ushungi na msala. Chakula kilikuwa pepeta, ule mpunga mchanga unaokaangwa ukatwangwa ukawa bapa, maana huliwa hivyo hivyo bila moto na uzito wake ni kama hakuna. Nyongeza ilikuwa tende, chumvi, na uduvi mkavu kidogo kwa ajili ya anasa.

Ndani ya boti ya Mbwera nikagundua tatizo ambalo wale wazungu wa kwenye simu hawana. Huku kwetu hakuna anayekwenda mahali bila kwenda kwa mtu.

"Mama, Mbwera unakwenda kwa nani?" akaniuliza mwanamke aliyekaa mbele yangu.

"Siendi kwa mtu."

"Msibani?"

"Hapana."

"Harusini?"

"Hapana. Nakwenda kukaa porini kidogo, nipumzike."

Boti nzima ikanigeukia. Kisha mwanamke akamnong'oneza mwenzake kwa sauti ambayo injini haikuweza kuizima: "Maskini ya Mungu. Kafukuzwa na wakwe."

Huruma ikaanza kumiminika. Mmoja akanipa nazi mbili. Mwingine akafungua kapu, akanitolea samaki mkavu mpana kama ungo. Nikapewa boga. Nikajaribu kukataa, nikaeleza kwamba shida yangu yote ni uzito, lakini kumkatalia mtu anayekupa kwa moyo ni kumvunjia heshima, na mwanamke wa mbele alishaanza kununa. Tulipofika, yeye mwenyewe akaondoa mkeka aliokuwa ameukalia, akaukunja, akanitwisha kichwani.

"Usilale chini mtupu, dada yangu."

Nilitaka kulia. Wiki nzima nimekata mikono ya vikombe, na sasa nashuka Mbwera na mzigo wa mtu anayehama.

Pori nililolikusudia halikuwa geni kwangu. Nilizaliwa upande ule, kabla wazazi hawajasogea kwenye barabara kuu, na nilikuwa nakumbuka maji yanafika wapi bamvua, yale maji makubwa ya bahari, likija. Nikapita kwenye matuta ya mashamba ya mpunga, nikavuka tope lililonifika magotini, nikalivuka tena kwenda kuokota kandambili, nikachana gauni kwenye mizizi ya mikoko, nikaanguka mara ambazo sitazitaja. Mpaka nafika kwenye kipande cha ardhi ngumu chenye miti miwili ya mikomafi iliyoachana kwa hatua nilizozitaka, boga nilikuwa nimeshamwachia nguruwe yeyote atakayelipata.

Mvua ikaja nikiwa nafunga kamba ya mwisho. Huku masika hayapigi hodi. Nikarukia ndani ya kitanda, nikavuta turubai, nikajilaza, na maji yakashuka pande zote mbili za turubai kama pazia, nami katikati, mkavu, naning'inia. Nikawa nacheka. Chini yangu kaa wadogo wekundu walikuwa wanatoka na kurudi matunduni, wananikagua. Maji yalipojaa yalipita taratibu chini ya mgongo wangu na majani na povu, kisha yakarudi yalikotoka, bila kunigusa. Nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu mume wangu aondoke, na niliiona ajabu, kwa sababu nilidhani furaha ya namna ile huhitaji mtu wa pili.

Jambo ambalo sikuliona siku ya kwanza kwa ajili ya mvua ni dungu. Ng'ambo ya mkono mdogo wa mto kulikuwa na shamba la mpunga, na kwenye shamba dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo ambamo watu hukaa msimu mzima kulinda mpunga usiliwe na ndege na nguruwe. Ndani yake alikuwamo mama mmoja wa rika langu, mwenye kombeo na koo la chuma.

"Wee uliyening'inia! Umeamkaje?"

"Salama!"

"Umekula?"

"Nimekula!"

"Umekula nini?"

"Pepeta!"

"Pepeta si chakula!"

Ndege waliruka kundi zima kutoka kwenye mpunga. Sauti ile ile ya kunijulia hali ndiyo aliyofukuzia ndege, kwa hiyo yeye hakupoteza kitu. Mimi nilikuwa nimekuja kutafuta ukimya, na kila nikianza kuupata, naulizwa kama nimekula, kama nimelowa, kama nimeona yule nguruwe dume, kama nina watoto, wangapi, mbona mmoja.

Jumatano akavuka mwenyewe na mtumbwi, akaniletea sahani ya wali na samaki wa nazi. Nikaula wote. Siwezi kudanganya, baada ya pepeta siku zote zile, wali ule ulinitoa machozi. Akakaa chini ya turubai langu kwenye ule mkeka wa boti, akakitazama kitanda kwa jicho la pembeni.

"Panda ujaribu, dada," nikamwambia. "Mgongo utakushukuru."

"Mie? Kitu cha kubebea mgonjwa? Sipandi nikiwa na akili zangu."

Nilimwelewa. Visiwa vile havina barabara ya gari, na mtu akizidiwa anawekwa kwenye kitambaa kilichofungwa kwenye mti mrefu, watu wanabeba mabegani mpaka kwenye boti au zahanati. Ndiyo machela. Kule, mtu akionekana analala ndani ya kitambaa kinachoning'inia, ni mgonjwa au marehemu. Namna ya tatu haijapata kuonekana.

"Nikuletee mke wa mwanangu alale na wewe," akasema.

"Hapana dada, ahsante. Nataka kulala mwenyewe."

"Mtu halali mwenyewe kama nguruwe dume."

"Mimi nalala."

Akaondoka akitikisa kichwa. Nikabaki nimevimba. Ilibaki siku moja tu, na katika siku zote zile sikuwa nimepata hata asubuhi moja ya kuwa peke yangu kweli kweli. Nikaamua kwamba Alhamisi sitamjibu mtu. Nitalala, nitafunika uso kwa kanga, atakayeita aite.

Alhamisi akaita.

"Wee uliyening'inia! Umeamkaje?"

Kimya. Niliona raha isiyo na kifani.

"Umekula?"

Nikatabasamu ndani ya kanga.

"Dada!"

Akaita tena na tena. Sauti ikaanza kubadilika, ikawa nyembamba, na ndege hawakuruka tena kwa sababu hakuwa anawaitia wao. Ningejibu pale. Lakini nilisema nitapumzika, na mimi nikisema jambo huwa nalikamilisha hata likiwa la kijinga. Kisha akanyamaza. Nikajiambia, amechoka, sasa pumzika bibi, hii ndiyo uliyoifuata. Nikasinzia.

Nilizinduliwa na miguu ya watu wengi kwenye tope.

"Assalaam alaykum," ikasema sauti ya mwanamume.

Salamu ile haiachwi bila jibu hata ukiwa umenuna. Nikaijibu, ila kwa kunong'ona, ili nipate thawabu bila kusikika. Ikatoka kama sauti ya mtu anayekata roho.

"Bado yupo," akasema mwingine. "Amejibu."

"Wenziwe wako wapi?"

"Watakuwa wamekwenda kutafuta boti. Wamemtundika ili maji yasimfikie."

"Wamefanya vizuri, lakini wamekawia."

Nikafunua uso. Walikuwa wanaume wanne, wakata miti ya kujengea, na mashoka mabegani. Nyuma yao alisimama mama wa dungu, aliyekuwa amekimbia kuwaita, amelowa mpaka ushungi, anatweta hata kueleza hawezi.

"Jamani," nikasema, "mimi mzima."

"Ndiyo, mama," akasema mkubwa wao, mtu wa makamo mwenye ndevu zilizoanza mvi, kwa ule upole ambao hutumiwa kwa wagonjwa tu. "U mzima, alhamdulillahi. Wenzio wako wapi?"

"Sina wenzangu. Nimekuja peke yangu."

"Nani aliyekufunga hapa?"

"Nimejifunga mwenyewe."

Wakatazamana.

"Unafanya nini?"

"Napumzika."

Mvua ikachagua wakati huo huo kumwagika. Ilipiga turubai kwa kelele hata tukalazimika kunyamaza na kutazamana tu, wao wanachuruzika maji, mimi nimelala mkavu kwenye nailoni ya rangi tatu. Mama wa dungu akasogea, akanigusa kipaji cha uso.

"Wa moto!" akasema.

Nilikuwa wa moto kwa hasira, na nikamwambia hivyo, kwa sauti kubwa, na maneno mengine ambayo mtu mzima hayasemi mbele ya wanaume wa watu.

"Homa imepanda kichwani," akasema mkubwa wao kwa masikitiko.

"Sina homa! Muulizeni huyu, jana nimekula wali!"

"Kweli, jana alikula," akasema mama wa dungu. Kisha akanigeukia. "Mume wangu naye alikula jana yake. Nilimwita asubuhi kutoka dunguni, akanyamaza vile vile. Nikadhani amelala."

Hasira zote zilikimbia, nikaona haya kubwa, na kwa kuwa sikujua namna ya kumwambia dada yule kwamba nilikuwa nimemnyamazia kwa makusudi, nikaona nishuke, nisimame, anione mzima kwa macho yake. Nikatoa miguu nje ya kitanda. Miguu ilikuwa imekufa ganzi kwa kulala. Nilipokanyaga, hakuna kilichokanyaga. Nikaenda moja kwa moja topeni, uso mbele.

Baada ya hapo hapakuwa na mjadala. Walinirudisha kitandani, wakasema pole mama, pole mama, wakakata mti mrefu, wakafungua kamba zangu na kukifunga kitanda kwenye mti huo kwa mafundo mabovu ambayo yalinitia uchungu kuliko kuanguka, wakanyanyua.

"Loo," akasema wa nyuma. "Mgonjwa ana uzito huyu."

Wiki nzima kwenye mizani ya ufuta, nimepunguza hata njiti za kiberiti, na katika hesabu zangu zote sikuwa nimejipima mwenyewe.

Ukitaka kujua watu wa mahali wakoje, bebwa. Kila tuliyekutana naye njiani alitua alichobeba, akauliza mgonjwa wa nani, akaambiwa hajulikani, akaingiza bega. Hakuna aliyesema ana haraka. Mtu mwenye tenga la samaki aliliacha pembeni ya njia, akabeba mpaka kwenye kivuko, akapokewa na mwingine, akarudi kwa samaki wake. Penye tope walinipandisha juu ya vichwa ili nisirushiwe matope, mimi niliyekuwa nimeshapakaa tope mpaka kwenye meno. Wanawake walifuata nyuma, mmoja amenishikia turubai juu ya uso. Nikijaribu kusema mimi mzima, wanaitikia inshallah. Nikawatania kwamba wakichoka wanitue nitembee, wakacheka, wakasema mgonjwa akianza utani huyo anapona, wakaongeza mwendo. Nilitazama mawingu yakipita kati ya mabega yao, nikajua nimeshindwa sharti langu, na nyumba yangu imeondoka. Nililia kidogo, na wao wakadhani ni maumivu, wakawa wananibeba polepole zaidi.

Zahanati ya Mbwera ilinipima damu, ikanipima presha, ikaninyanyua mikono na miguu. Muuguzi akatoka nje kwa wale watu waliokuwa wanasubiri kwenye mvua.

"Hana kitu," akawaambia.

"Hana kitu vipi?"

"Hana ugonjwa. Amelowa tu."

Nilitegemea wakasirike. Nilikuwa nimewapotezea kazi ya siku nzima. Wakashukuru Mungu kwa sauti, wakapeana mikono, wakanipa mkono na mimi, mmoja mmoja, wakaenda zao. Mama wa dungu alibaki. Nikamwambia ukweli, kwamba nilimsikia na sikujibu. Akanipiga bega, si kwa utani.

"Mbaya wewe," akasema. Akanipeleka kwake, akanipa gauni kavu.

Tatizo ni kwamba, nikiwa bado nimelazwa mle ndani, walikuwa wamechukua simu yangu wakatafuta jina la ndugu. Wakakuta "Mwanangu", wakampigia, wakamwambia mama yako tumemleta kwa machela.

Ijumaa boti ilipofika Nyamisati, binti yangu alikuwa amesimama pale kwenye tope, viatu vyake vya ofisini mkononi, macho mekundu. Nilishuka kwa miguu yangu, tena kwa kuruka, ili aone. Akanikumbatia hata nikakosa pumzi, kisha tukaenda kukaa kwa mama ntilie, tukaagiza chai. Nilikuwa nimejiandaa kwa mabishano. Nilikuwa na hoja zangu tayari: kwamba sikuomba msaada, kwamba kubebwa kwa nguvu si kushindwa, kwamba muuguzi yupo aulizwe. Hakunipa nafasi ya hata moja.

"Walikubeba watu wangapi, mama?"

"Sijui. Walikuwa wanapokezana."

"Uliwajua?"

"Hata mmoja."

Akazungusha kijiko kwenye chai kwa muda mrefu ilhali sukari alikuwa hajaweka.

"Mie niliumwa mwezi uliopita," akasema. "Homa. Nililala ndani mpaka maji ya kunywa yakaniishia. Nikawa nawasikia majirani wanafungua milango, wanafunga, wanashuka ngazi. Hakuna aliyegonga. Sikukwambia kwa sababu ungekuja na ungelia."

"Kwa nini hukupiga simu hata kwa wenzio wa ofisini?"

"Nilipigia mmoja. Akaniambia pole, nipumzike."

Nikaweka kikombe chini. Miezi yote ile nilikuwa nalinda nyumba yangu dhidi ya mwanangu, nikidhani ananionea huruma kwa kuwa peke yangu. Nilimtazama yule mtoto, mtu mzima, mshahara wake mzuri, kucha zimepakwa rangi, nikaona mtu ambaye kuna asubuhi alinyamaza na hakuna aliyevuka mto kwenda kumtazama. Iliniuma mahali ambapo hakuna muuguzi anayepapima.

"Nimeshindwa sharti," nikamwambia. "Nimeletwa na watu."

"Hukushindwa, mama. Kaa nyumbani kwako. Nimeona."

"Usinibishie. Nimesema nimeshindwa."

Sikuhama moja kwa moja. Nyumba ya Mtawanya ipo, cherehani ipo, na mfanyabiashara wa ufuta ananilindia vyote viwili kwa sharti kwamba nisiguse tena mizani yake. Lakini wiki ile ile nilikwenda Dar, nikapanda ngazi za lile ghorofa mpaka juu, nikakuta korido ndefu yenye milango iliyofanana, yote imefungwa, hakuna hata kandambili nje. Mwanangu akaenda kazini. Mimi nikapika wali wa nazi, nikapakua sahani, nikaifunika kwa kawa, nikatoka, nikagonga mlango wa jirani yake wa ukuta kwa ukuta.

Ukafunguka upenyo mdogo. Dada mmoja wa umri wa binti yangu, na vitu vya kusikilizia muziki masikioni.

"Umekosea mlango, mama."

"Sijakosea, mwanangu. Mimi ni mama yake huyo wa mlango wa pili."

Akatoa kitu kimoja sikioni, kisha cha pili, akachungulia upande niliouonyesha kana kwamba ukuta umetokea jana.

"Kwani hapo anakaa mtu?"

"Anakaa mwanangu," nikasema, nikausukuma mlango kwa kiwiko, nikaingia na sahani.